Mvua ya Makongolosi na Kifua cha Mpwa Wangu

Kuna wakati niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mvua ya Makongolosi inakula watu. Inaanza na bati, ikilimaliza inahamia kwenye kofia, halafu nywele, na mwisho wa yote ndugu zako wanaletewa mkanda na viatu. Aliyenieleza ni muuza tumbaku mmoja wa pale kwetu Mlandege, Iringa, mtu ambaye hata Mbeya hajafika. Alisema wachimba dhahabu wametoboa nyongo ya mlima, na nyongo imepanda mawinguni. Mimi nina cheti cha masomo ya jioni, kimetundikwa ukutani kila mgeni akione, lakini niliamini kabla mzee hajamaliza kunipimia tumbaku.

Ningecheka na kupita kama si mdogo wangu, Leokadia. Alikuwa ameolewa na Ambakisye, Mnyakyusa aliyefanya kazi mgodini huko huko Makongolosi, wilaya ya Chunya, na walikuwa na mtoto wao wa kwanza, Tuntufye, ambaye hajaanza hata kutambaa. Mwezi wa kumi na moja dereva wa lori alituletea salamu: mtoto anakohoa, kifua kinalia kama mlango mbovu.

Mama yangu hakusita. Katika ukoo wake, mtoto wa kwanza huogeshwa maji ya mvua ya kwanza ya mwaka, yaliyokingwa kwenye mchirizi wa paa. Asiyeogeshwa, kifua hakitulii.

"Nenda kamlete aogeshwe hapa," aliniambia. "Mvua za huko nasikia si nzuri."

"Na ikininyeshea mimi mama?"

"Wewe una mifupa mingi. Itachoka."

Akanipa sufuria mpya nimpelekee Leokadia, nikaondoka.

Iringa hadi Mbeya nilisafiri juu ya magunia ya viazi. Pale Sao Hill baridi ilikuwa kali kiasi kwamba ukisema neno, inabidi ulisubiri liyeyuke ndipo mwenzako alisikie. Makambako tulikunywa uji. Tuliposhuka upande wa Usangu joto likatupokea kama limetumwa, na abiria wakaanza kuimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama mawingu. Kila wingu jeusi nililiona linaelekea Chunya, kwa mpwa wangu, na sisi lori letu linasimama kila kijito kunyweshwa maji. Nilimwambia dereva aharakishe. Akaniuliza kama nataka kushuka nisukume.

Mbeya nililala kwa jamaa wa parokia, na asubuhi nikapata lori jingine la kuvuka mlima. Barabara ile inapanda mpaka unahisi ukinyoosha mkono utagonga mlango wa Mtakatifu Petro. Juu kabisa niligeuka kutazama nyuma. Bonde lote lilikuwa limefunikwa wingu, na ngurumo ya kwanza ya mwaka ikasikika mbali.

Kabla ya kuuona mgodi, niliunusa. Washa njiti ya kibiriti karibu na pua, uvute ule moshi wa mwanzo unaochoma: ndiyo harufu ya pale. Karibu na tanuru la mgodi, miti ya upande mmoja wa kilima ilikuwa imekauka majani, na ya upande wa pili ilikuwa ya kijani kama kawaida. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa upande uliokauka. Mabati yao yalikuwa na kutu na matundu, na bado hayakuwa ya zamani. Nikasema moyoni, nyongo hiyo!

"Kamwene, kaka!" Leokadia alinipokea mlangoni, mtoto mgongoni. Nilimwona amekonda. Mtoto alikohoa mara moja, halafu tena, halafu mfululizo, mpaka macho yakamtoka machozi.

"Funga mizigo," nikamwambia. "Tunaondoka kabla haijanyesha."

Ambakisye alikuwa ametoka kazini, uso mweupe kwa vumbi. "Shemeji, tuliza roho kwanza. Tumesubiri mvua hii mwezi mzima. Leo hii mtoto anaoga, kesho kifua kimepona. Mama mkwe si ndiye aliyesema?"

"Mama amesema aogeshwe Iringa! Mvua ya hapa inakula watu!"

"Mimi nimenyeshewa miaka mitatu. Nimeliwa wapi?"

"Hujui ulivyokuwa mrefu zamani," nikamjibu, na Leokadia akacheka kwa mara ya kwanza.

Hatukumaliza ubishi. Tone la kwanza liligonga bati, halafu mengine. Ambakisye akakimbilia ndoo akaitega kwenye mchirizi. Maji yalishuka ya rangi ya chai. Akaanza kumfungua mtoto nguo. Mimi, kwa woga, nilijivika ile sufuria mpya kichwani, nikatoka nje na kuipiga ndoo teke. Maji yakamwagika mpaka kwa jirani.

"Huyu kaka yako ana wazimu!" Ambakisye alipaza sauti.

"Bora wazimu kuliko kuzika!"

Jirani akatoka kuona kelele ni za nini. Huyu alikuwa Bwana Yotamu, mtu wa Nyasaland, fundi wa chumba cha kupimia dhahabu, mwenye sauti kubwa na majivuno yake halali. Alinitazama na sufuria yangu kichwani, akauliza, "Na huyu kamanda ni wa jeshi gani?"

Nikamweleza habari ya nyongo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha aliingia kwake akatoka na kipande cha karatasi ya buluu, akakichovya kwenye maji yaliyobaki ndani ya ndoo. Karatasi ikawa nyekundu mbele ya macho yetu. Sasa hakuna aliyecheka.

"Hiyo ni asidi," alisema. "Uchachu, kama wa ndimu. Sikilizeni niwafundishe bure. Mawe yetu yana dhahabu, lakini yana salfa pia, ile ya kibiriti. Ili dhahabu itoke, mawe yanachomwa kwenye tanuru. Salfa ikiungua inakuwa moshi, unatoka kwenye bomba, na upepo unauleta huku kwenu. Moshi huo ukikutana na maji ya mvua, unageuka asidi. Inatafuna bati, inaunguza majani ya maharage. Na mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, maana inakosha masizi yote yaliyolala juu ya paa tangu kiangazi."

"Basi waongeze urefu wa bomba," nikasema, nikijikumbusha kwamba nina cheti.

"Bomba refu linampelekea jirani wa mbali. Dawa ni kuupitisha moshi kwenye maji ya chokaa kabla haujatoka. Chokaa inakamata uchachu. Au wayaache mawe yenye salfa nyingi. Nimewaambia wakubwa. Wanasema chokaa ni mzigo."

Alituelekeza tuiweke sufuria uwanjani, mbali na paa, mvua ikishanyesha kwa muda mrefu. Tukafanya hivyo. Jioni alichovya karatasi nyingine, ikabaki buluu, imefifia kidogo tu. "Hata mvua safi ina uchachu wake mdogo, wa hewa tunayoitoa puani," alisema. "Hii mwogesheni."

Leokadia alimwogesha mwanawe ndani ya sufuria ya mama. Na ajabu ilitokea: usiku ule mtoto hakukohoa. Siku ya pili, mvua ikaendelea, mtoto kimya, ananyonya na kucheka. Ambakisye alinipiga begani mpaka nikaona nyota. "Si nilikuambia shemeji?" Leokadia alilia kwa furaha. Nami nikaona hakuna sababu ya kumtoa mwanamke kwenye nyumba yake. Desturi imetimizwa, karatasi imebaki buluu, mama atafurahi.

Asubuhi ya tatu nikapanda lori la Mbeya peke yangu. Yotamu alikuwa anakwenda likizo kwao, alikaa mbele na dereva. Mimi nilikuwa nyuma, na safari hii niliimba. Nyimbo zote za kanisani nazijua, na nyingine nilizitunga papo hapo.

Tulipofika Mbeya alishuka, akanisalimia, akatazama nyuma yangu, akatazama tena ndani ya lori.

"Dada yako yuko wapi na mtoto?"

"Wamebaki! Mtoto amepona, Bwana Yotamu. Maji yamemtibu."

Uso wake ulibadilika. Hakuwa na sauti kubwa tena.

Siku ile ile nilitafuta lori la kurudi Makongolosi. Ambakisye alipanda kwa mkubwa wake kuomba nyumba ya upande wa pili wa kilima, na mpaka alipoipata, Leokadia na Tuntufye walikaa kwetu Mlandege, kifua cha mtoto kimya kama maji ya mtungini. Mama bado anasema ni sufuria yake. Lakini mimi ninayo maneno aliyoniambia Yotamu pale Mbeya tukiwa tumesimama kando ya gurudumu, nayaandika kama alivyoyatamka:

"Bwana Kaspari, mvua hiyo haimli mtu wala haimponyi. Mtoto amelala kwa sababu kuni zimelowa na tanuru limezimika. Kesho jua likiwaka wataliwasha. Kinachomuua ni ule moshi anaovuta siku ambazo mvua hainyeshi."