Shangazi alivyonikuta nasafisha picha

Jamani, leo mchana nimekubali kuolewa bila kufungua mdomo.

Niko stoo, hapa kwetu Kibiti. Nimeziba dirisha kwa blanketi nisafishe picha ya kupeleka mashindanoni, kama tulivyofundishwa kwenye warsha. Karatasi ya kusafishia imebaki moja. Ikipigwa na mwanga, basi tena.

Picha ndiyo kwanza inajitokeza kwenye beseni la dawa, shangazi huyo mlangoni!

“Mwanangu, wazee wa Mchukwi wameleta posa ya Hamisi. Unaridhia?”

Hamisi! Yule aliyeniambia kamera si kazi ya mwanamke!

Nikijibu tu, shangazi atasukuma mlango aingie. (Wanaomjua wanamjua.) Nikabana pumzi, nikiomba achoke aondoke.

Kweli akaondoka. Nikamsikia barazani: “Kanyamaza. Mwali akinyamaza, karidhia.”

Vigelegele! Fatiha ikasomwa.

Picha imetoka nzuri ajabu, na sasa hata jua haliidhuru. Mlango ningeshaufungua.

Lakini namsikia baba anacheka huko nje. Tangu mama afariki, sijamsikia akicheka hivi.

Nyie mngetoka mkasemaje?