Jiwe Lililonata Ulimini

Shangazi yangu hulamba mawe. Sisi wa ofisi ya upimaji wa madini tumeshamzoea. Wageni ndio hutoa macho. Kwanza hulichora jiwe kwenye kigae cheupe aone rangi ya unga wake, kisha hulikwaruza kwa msumari, hulisogezea sumaku, hulidondoshea tone la asidi. Likizidi ubishi, ulimi. Chumvi ya mawe hujitaja yenyewe. Jiwe la kawaida huteleza tu, lakini mfupa mkavu hunata, kwa sababu una vitundu.

Mimi huandika lebo, na huku nahubiriwa. "Atomi ina kiini," huniambia, "na ndani ya kiini mna protoni. Zihesabu, utajua ni nani: ishirini ni kalsiamu, ishirini na tisa ni shaba. Elektroni zinazunguka huko mbali, na katikati hakuna kitu. Mimi na wewe, mwanangu, tumejaa utupu." Halafu hucheka peke yake. Siupendi kabisa mzaha huo.

Utupu anaujua. Miaka kumi na tisa iliyopita, wiki ambayo shimo la zamani liliporomoka, mumewe, mchimbaji, hakurudi nyumbani. Kampuni ya mgodi ilisema siku ya maporomoko shimoni hamkuwa na mtu. Majirani wakasema ameonekana stendi na mwanamke. Lisemwalo lipo, shangazi akasema, akachoma nguo zote za mumewe. Mama mkwe alipong'ang'ania kwamba mwanawe si mtu wa kukimbia mke, shangazi akaacha hata kumsalimia.

Jumanne asubuhi mchimbaji mmoja alituletea vijiwe kwenye kopo.

"Shimo la zamani tumelifungua," alisema kwa furaha. "Hiki cha kijani ni malakiti, sivyo, mama?"

Kilikuwa chembamba, urefu wa kiungo cha kidole. Shangazi alikichora. Malakiti, jiwe la shaba, huacha unga wa kijani. Hiki kiliacha weupe. Asidi ikatoa povu kidogo, la kivivu. Akakilamba.

Kikanata. Nilimwona akikivuta, na ulimi ukikifuata. Nikaogopa, wala sikujua naogopa nini.

"Mimina vyote," alisema.

Mchimbaji akamimina. Katika vumbi ikabingirika pete ya waya wa shaba, nyuzi tatu zilizosokotwa, kazi ya mikono ya mume wa shangazi mwenyewe, aliyoivaa tangu siku ya posa. Shaba hiyo ndiyo iliyoupaka mfupa ukijani.

"Sasa ni madini gani?" mchimbaji akauliza.

"Si madini. Ni mume wangu."

Tulitoka hapo hapo, mimi na yeye, hadi kwa mama mkwe. Hatukumpigia mtu simu, hatukusimama njiani. Nilidhani tutagonga sana, maana bibi yule hana wageni. Tulikuta mlango wazi, naye amekaa barazani, mbele yake viti viwili vitupu.

"Karibuni," alisema. "Mwanangu kapita alfajiri. Kasema mnakuja wawili."

Shangazi akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nimemtukana miaka kumi na tisa."

"Anajua. Hana kinyongo na wewe." Bibi akainama, akamshika bega. "Anauliza tu kama umemletea kidole chake."

Shangazi akakunjua kiganja, akalia kwa sauti.