Fundi Aliyesahau Kuacha Pindo

Kwa miaka ishirini na saba mke wa Mzee Pindo alilala kando ya lori la mchanga linalopanda mlima, na hakuna aliyemvisha nishani. Lori likinguruma, alivumilia. Likizima ghafla katikati ya mlima, hapo ndipo aliposhtuka, akamchoma mumewe kiwiko cha mbavu na kumwambia, "Geuka." Mzee aligeuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kisimani, lori likawaka tena. Hawakujua kwamba ule ni ugonjwa. Walijua ni ndoa.

Mama huyo alipofariki, kiwiko kilikwenda naye.

Mzee Pindo ni mkataji wa nguo kwenye karakana inayoshona sare za shule. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya wimbo wake mmoja: "Acha pindo." Gauni la mtoto wa darasa la kwanza analiachia vidole vitatu vya kitambaa kwa ndani, ili mwakani lifumuliwe na kushushwa. Hata bwana harusi aliyekuja na picha ya suti ya kubana aliachiwa pindo kiunoni, apende asipende. "Mwili ni mpangaji," Mzee humwambia mteja huku amebana pini midomoni. "Leo yuko hapa, kesho kahama."

Mwaka wa pili wa ugane wake, akaanza kusinzia. Kwanza kwenye kiti, kisha kwenye sahani, na mwisho akasinzia amesimama wima, mkasi wa umeme mkononi, tabaka arobaini za kitambaa cha bluu mezani. Mkasi ukajiendea. Mashati arobaini yakazaliwa bila bega la kushoto, na vidole vya Mzee vikapona kwa upana wa uzi.

Mwenye karakana ni mama asiyepiga kelele, na hilo ndilo linalotisha. Alizima swichi kwanza.

"Mzee wangu," alisema, "kitambaa kingine kipo stoo. Vidole vingine havipo. Kuanzia leo utakaa kwenye vifungo. Ukitaka meza yako, niletee karatasi ya daktari."

Vifungo! Ni sawa na kumshusha dereva wa treni na kumpa kazi ya kutoboa tiketi. Meza ile ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyumbani hakuwa na mtu wa kumwita kwa chochote, lakini pale mezani walau aliitwa mara ishirini kwa siku.

Kliniki wakamlaza usiku mmoja amefungwa nyaya kama redio ya zamani. Jibu likatoka: pumzi yake ilikuwa ikikatika usingizini zaidi ya mara thelathini kila saa. Wakamwazima mashine ya kupuliza hewa, mpira wake mrefu, na barakoa ya kufunika pua. Dada wa mashine, binti mpole wa rika la mwanawe, akamweleza kila kitufe.

"Baba, ndani yake kuna kadi inayoandika saa ulizolala nayo. Tuonane baada ya siku thelathini. Nikiona umeizoea, daktari atakuandikia karatasi yako. Mikanda iangalie tu, isipwaye, hewa isije ikavuja."

Akaendelea kueleza habari ya maji, habari ya kitufe cha kuanza polepole, na habari ya kujizoesha mchana. Mzee hakusikia. Alikuwa amekwama kwenye neno moja. Isipwaye! Katika miaka arobaini ya ufundi hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia kwamba kitu chake kinapwaya. Alirudi nyumbani na neno hilo kama kokoto kwenye kiatu.

Mashine akaiweka kwenye stuli ya upande wa marehemu mama, kwa sababu soketi iko huko. Ndivyo alivyosema. Soketi nyingine ilikuwa upande wake, imeshikilia taa iliyoungua. Akasimama mbele ya kioo, akavaa barakoa, akakaza mikanda mpaka mashavu yakatokeza pembeni kama unga wa chapati. Haipwayi. Akajilaza ukingoni mwa kitanda, mahali pake pa siku zote.

Hewa ilipoanza, alikuwa kama mtu aliyetoa kichwa nje ya dirisha la basi linalokwenda kasi. Akafungua mdomo apige kelele, hewa iliyoingilia puani ikatokea mdomoni kwa kishindo, ikamkausha koo likawa gunia la saruji. Kidogo barakoa ikaanza kupiga mluzi na kumpuliza jicho la kulia. Akakaza. Mluzi ukazidi. Akakaza tena. Alipogeuka, mpira ulionyooka kutoka stuli ya mama, ukivuka upande mzima usiolaliwa na mtu, ukamvuta pua kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Akaivua, akaitupa, akalala na lori lake.

Siku kumi zikapita hivyo. Muda mrefu kuliko wote alioivumilia ulikuwa saa moja na nusu. Juu ya pua pakachubuka, kidonda chekundu ukubwa wa kifungo cha shati. Kila Jumapili mchana binti yake, anayefanya kazi mji wa mbali, alipiga simu.

"Baba, umevaa?"

"Nimevaa."

"Na umelala?"

"Nimelala."

Yote mawili yalikuwa kweli. Hayakuwa tu kwa wakati mmoja.

Siku ya kumi na moja alikuwa kwenye kona ya vifungo, kichwa kinamwangukia kifuani kama embe lililoiva. Pembeni yake alikaa Mama Zipu, mshonaji wa zipu, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi.

"Mzee, pua kakung'ata nani?"

"Mashine."

"Basi imekupenda. Sisi binadamu tumeshindwa."

Mzee alitaka kunyamaza, ila usingizi humlegeza mtu ulimi. Akamwambia yote: mluzi, jicho, mikanda.

"Sasa mbona unaikaza hivyo?"

"Isipwaye."

Mama Zipu akaiacha sindano hewani. "Wewe? Mzee Pindo mwenyewe? Umejivisha kitu usoni na hukuacha pindo?"

Kona nzima ikaangua kicheko. Mzee akainama juu ya vifungo vyake.

"Ngoja, sijamaliza," Mama Zipu akasema, safari hii bila kucheka sana. "Ulijipima vipi?"

"Mbele ya kioo. Nimesimama."

"Kwani unalala umesimama, wewe ni punda? Suruali ya mwendesha baiskeli si unamkalisha ndipo unaipima?"

Mzee Pindo akanyanyua kichwa. Ni kweli. Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha hivyo, kwamba nguo hupimwa katika kazi yake. Uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama. Mashavu humwagika nyuma, taya hushuka. Mwili ni mpangaji, na yeye alikuwa ameipimia nyumba ambayo mpangaji haishi humo.

Jioni hiyo jua lilikuwa bado dirishani alipojilaza chali, akawasha hewa kwanza, akalegeza mikanda yote. Akaivuta barakoa kidogo mbele, mto wake wa mpira ukajaa hewa, akauachia ukae wenyewe. Kisha akarudisha mikanda taratibu, nukta kwa nukta, kama anayeweka pini. Mluzi ukakoma. Kidole kilipita chini ya mkanda bila kugombana na mtu.

Kesho yake akampigia dada wa mashine, akakubali kusikia.

"Maji umeweka, baba?"

"Maji na umeme ndani ya sanduku moja? Mimi sijachoka kuishi."

"Limetengenezwa kwa ajili hiyo. Weka yale niliyokupa kwenye chupa, koo halitakauka hivyo. Halafu kile kitufe cha kuanza polepole kibonyeze, hewa itapanda kidogo kidogo. Na uivae mchana ukiwa macho, ukisikiliza redio, pua izoee. Kidonda njoo nikione, nikubadilishie mto wa barakoa. Haya yote nilikuambia, baba."

"Uliniambia. Ila mpira unanivuta."

"Mashine iko upande gani?"

"Upande wa pili."

"Na wewe umelala wapi?"

"Ukingoni."

"Sasa baba, kitanda si chako chote? Sogea katikati."

Mzee akakata simu, akakitazama kitanda.

Ilimchukua siku tatu kusogea. Siku ya kwanza mkono tu. Siku ya pili bega. Siku ya tatu akalala katikati, pale ambapo godoro lilikuwa bado limeinuka kwa kutolaliwa, mpira ukalegea, naye akafumba macho.

Alipoyafumbua, pazia lilikuwa limejaa mwanga. Saa saba mfululizo. Kichwa chepesi, koo bichi. Akavua barakoa, akaugeukia mto wa mama.

"Umesikia?" akauliza.

Kilichokuwepo cha kusikia ni ukimya. Mama wa watu alivumilia lori miaka ishirini na saba, na siku lilipozimwa, hakuwepo.

Siku ya thelathini dada wa mashine akasoma kadi. Siku za mwanzo zilikuwa aibu tupu, lakini kumi na sita za mwisho hazikuwa na doa. Daktari akaandika karatasi, mwenye karakana akaisoma mara mbili, akamrudishia mkasi bila hotuba. "Nenda zako," Mama Zipu akamwambia. "Umeniachia vifungo mia mbili na hata pole hukusema." Siku ile Mzee aliitwa mara ishirini na tatu. Alihesabu.

Jumapili mchana simu ikalia.

"Baba, umevaa?"

"Bado. Mwanangu, una haraka?"

"Sina. Kuna nini?"

"Nataka kupumzika kidogo. Usikate simu. Naiweka hapa kwenye mto, wewe sikiliza tu."

Binti aliyekua nyuma ya ukuta wa chumba kile, aliyefanyia mitihani yake yote katikati ya mngurumo, hakuuliza kwa nini. Mzee akaiweka simu kwenye mto wa mama. Akavaa barakoa, akabonyeza kile kitufe, hewa ikaanza kupanda polepole. Dakika moja ikapita. Zikapita tano.

"Baba?" sauti ya binti ikaita kutoka kwenye mto, ndogo. "Sisikii kitu."

Alikuwa bado macho. Lakini ukifungua mdomo na barakoa ile, hewa yote hutoka. Akanyoosha mkono, akaigonga simu kwa ukucha mara moja kuonyesha yupo, mdomo ameufunga.