Mshipa wa Zakia

Muuza chapati wa Nangurukuru, jirani yangu hapa stendi, hukanda unga huku midomo inamchezacheza. Bintiye Zakia alizaliwa na mshipa wa moyo ulioota pasipo pake. Alikuwa akikimbia tu, anazimia. Madaktari wa Dar walimpasua kifua, wakauhamishia mahali pake. "Hebu nieleweshe, jirani," huniuliza kila asubuhi. "Mshipa ukihamishwa, unashikaje?" Halafu mama huyo huweka kiganja kifuani kwa Zakia, kisha kwake mwenyewe, akatikisa kichwa.

Jana basi la Lindi liliondoka abiria mmoja hajapewa chapati zake. Zakia akachomoka nazo. "Usikimbie!" mama akapiga kelele. Halafu akakumbuka kuwa daktari ameshamruhusu kukimbia. "Kimbia, mwanangu! Kimbia!" Zakia alilifikia basi, akarudi anahema, anacheka. Mama alikuwa amekaa chini analia, asijue kwa nini.