Bukari Isiyonuka

Wewe unayenisikiliza, sogeza kigoda karibu na mbabula, makaa bado yana moto. Nataka kukueleza polepole jinsi mama yangu alivyopoteza miguu yake. Watu hapa Kolwezi wanasema alirogwa, kisha wanarudi jikoni kufanya kosa lile lile.

Mama alilelewa shambani, upande wa Sandoa, kwenye mihogo michungu. Huko kwao mgeni hapokelewi na mtu aliyeketi. Unasimama, unamfuata mlangoni, unammiminia maji mikononi. Alipoolewa mjini hakuiacha desturi hiyo. Akisikia hodi, alikuwa amekwisha kusimama.

Sasa sikia habari ya muhogo wenyewe. Ule mchungu una sumu. Unaumenya, unauloweka mpaka ulainike kabisa, ndipo unauanika na kuutwanga. Uliokaa majini vya kutosha hutoa unga wenye harufu kali, na bukari, yaani ugali wake, hunuka hivyo hivyo. Aliyeizoea huipenda.

Jirani na kwetu walipanga vijana wachimbaji, wengi wao kutoka Kasai. Chimbo lao lilipofungwa, walianza kula kwa mama. Mmoja wao, mrefu, alikuwa mtani.

“Mama, bukari yenu ya Sandoa inanuka sawa soksi ya muchimbaji!”

“Siku ikiacha kunuka, ukimbiye,” mama alimjibu. Walicheka wote, na matonge yakaendelea.

Kisha ukaja msimu wa baridi. Kijito ambamo wanawake waliloweka mihogo kilibadilika rangi kwa maji machafu ya migodi, wakakiacha. Mama akaanza kuloweka kwenye pipa uani, kwa maji ya kununua. Maji yalikuwa baridi mno, muhogo ukakataa kulainika. Gunia la unga mzuri lilikuwa linaisha, na vijana walizidi kuja. Basi mama akawa anautoa muhogo ungali mgumu, anauanika, anautwanga. Unga mzuri na dagaa aliwapa wageni. Ule mwingine alijipikia mwenyewe, akaula kwa chumvi na majani kidogo.

“Mama, weye haukule?” walimwuliza.

“Mi nilishakula ku jiko. Kuleni, batoto.”

Mimi nilikuwa nimeolewa Fungurume, sikuyajua haya. Nilipokuja kumtembelea, nilipiga hodi na mlango haukufunguliwa. Nikaingia. Mama alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, anajaribu kunifuata. Miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Akaanguka mbele yangu.

“Unisamehe, mwanangu,” alisema akiwa sakafuni. “Sijakupokea.”

Jikoni nilifunua chungu chake. Nikainama, nikanusa. Bukari haikunuka kitu.

“Mama, hii mihogo haikukala mu mayi.”

“Najua.”

“Unajua, na ulikula?”

“Ile ingine ilikuwa ya bageni. Mi ningewapa nini?”

Muuguzi alimpima, akamgonga magoti. Kisha alitueleza kwa upole kwamba sumu ya muhogo, ikimkuta mtu asiyekula samaki wala maharage, hukaza miguu, na miguu hiyo hairudi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama angalau angeweza kusimama mlangoni.

Nilimhamishia kwangu, akakataa chakula akiutaka mlango wake, nikamrudisha kwake na kubaki naye. Chimbo jingine lilifunguliwa na vijana wakahama. Yule mrefu alirudi mara moja, na samaki mkononi. Alisimama kizingitini akingoja kupokelewa, kama alivyozoea. Mama alimwona, akakisukuma kiti chake kwa mikono ili asimame, akashindwa. Akageuza uso ukutani.

“Mama amenikasirikia?” kijana aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nilimweleza yote, na unga aliokuwa akila yeye, na ule aliokula mama. Aliweka samaki chini, akaondoka bila kunawa mikono. Hajarudi. Mama bado anaketi akiutazama mlango ule, na hodi ikipigwa, mimi hukimbia nimtangulie, ili asijaribu tena.

Kwa hiyo leo, kabla hujaanika muhogo wako, chukua kipande kimoja, ukibonyeze kwa vidole. Kama bado ni kigumu, kirudishe majini, na mgeni angoje.