Nyuzi za Chuma Nilizomletea Mume Wangu

Besi ya klabu yetu ya taarabu niliivunja mie, na sikuigusa hata kwa ukucha. Nimenyamaza mpaka kifua kinaniuma. Jamani, nisikilizeni, halafu mnitukane mkitaka.

Mume wangu alikuwa mpigaji wa besi, lile fidla kubwa linalosimama kimo cha mtu. Lilikuwa mali ya klabu, kongwe, na Chake Chake nzima halikuwapo jingine. Kwenye taarabu alilipiga kwa upinde. Jumamosi vijana wa jazi waliliazima, naye akaenda nalo dansini kulipiga kwa vidole. Wazee wa klabu walikubali shingo upande. Mzee Faki, mkuu wao, alimwambia kabisa kwamba likiharibika huko atajibu yeye.

Taarabu nilikuwa naenda, nakaa na wanawake wenzangu, namwona mume wangu kwa macho yangu. Dansi mke wa mtu hendi. Nilibaki nyumbani na maneno ya watu: ati wamekuja wasichana na magauni mafupi, ati yuko mmoja husimama karibu na besi mpaka watu watawanyike. Wivu! Ulinila wivu, wallahi. Nikimuuliza hucheka, akasema yeye yuko nyuma ya lidude lote lile, nani atamwona?

Basi nyuzi za besi zikachakaa, mmoja ukakatika. Dada yangu wa Unguja alikuwa karibu kujifungua, na mie nasafiri kwenda kumwangalia, ndipo mume wangu akaniagiza nyuzi mpya. Alinikalisha akanisomesha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nitake za utumbo wa kondoo, mbili nyembamba tupu na mbili nene zilizovingirishwa waya. Hizo, alisema, zinakubali kote kuwili: upinde unazishika, na ukizidonoa kwa kidole zinatoa ule mdundo mzito wa dansi. Akanitaka niyarudie mpaka nikayashika.

Mwenye duka kule Unguja, Mgoa mmoja mpole, alinitandikia aina mbili. Za utumbo zilikuwepo. Tele! Na pembeni zilikuwepo za chuma, mpya kutoka Ulaya. Nikamuuliza hizi nazo vipi. Akasema za chuma ni tamu kwa upinde, wapigaji wa okestra wanazipenda, na hazilegei wakati wa mvua. Ila kwa jazi si zenyewe, zinakata vidole na mdundo wake haushibi.

Kisha akaniangalia akasema, "Na besi kama ni ya zamani, mama, usiitie hizi. Zinavuta sana. Ubao hautahimili."

Nilimsikia! Sikuwa kiziwi. Lakini mie nilikwisha shika neno moja tu, kwamba kwa jazi si zenyewe. Nikamwambia anifungie za chuma.

Mume wangu alikuja kunipokea bandarini Wesha. Nikamwambia za utumbo zimekwisha, labda meli ijayo. Akazigeuzageuza zile za chuma mkononi, uso umemshuka, akasema watu wanangoja, atafanyaje. Akazifunga siku ile ile.

Kwenye taarabu besi ilitoa sauti safi hata mie nikajiona nimefanya la maana. Watu walimsifu. Jumamosi akaenda dansini, akarudi vidole vimechanika. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto huku nikijisemea moyoni kwamba wiki ijayo hendi tena. Akaenda! Alifunga vitambaa vidoleni akaenda, na Jumamosi iliyofuata vile vile. Lo, nilikuwa nimeolewa na mtu nisiyemjua. Kule hakuwa akifuata wasichana. Alikuwa akifuata ule mdundo, na mie nimemnyang'anya, na bado anautafuta kwa vidole vinavyotoka damu.

Hapo ningesema. Sikusema.

Msimu wa karafuu ulipoanza, tukaalikwa harusi moja ya alasiri. Mwimbaji yuko katikati ya wimbo, nikasikia kishindo. Ubao wa mbele wa besi ulikuwa umebonyea ndani na kupasuka, nyuzi zote zimelegea chini. Mume wangu alibaki ameikumbatia, hajui aiweke wapi. Na mie nimekaa pale na buibui langu, namsikia Mgoa masikioni.

Wazee walikuja barazani kwetu. Mie niko nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Mzee Faki akauliza ni nani aliyechagua nyuzi za chuma kwa besi kongwe vile.

Nikangoja anitaje. Wallahi nilitamani anitaje.

"Mie mwenyewe, Mzee," mume wangu akasema. "Nilizitaka kwa ajili ya dansi."

Hakutaka jina la mkewe lizungumzwe mbele ya wanaume. Wakamtoa klabuni pale pale kwa maneno ya adabu, wakanywa kahawa yangu, wakaondoka. Na vijana wa jazi bila ya besi ile hawakuwa na haja naye.

Basi sasa mume wangu yuko nyumbani. Asubuhi yupo, jioni yupo, Jumamosi yupo. Majirani wananiambia nina bahati, bwana wangu ametulia. Namsihi aende barazani akazungumze na wenziwe, anasema akafanye nini huko, wataanza habari za besi. Anakaa, vidole vyake vinapigapiga gotini, mie napita na sufuria sijui niangalie wapi. Nikinyamaza, yeye ndiye mharibifu mbele ya mji mzima. Nikisema, namfanya mwongo mbele ya Mzee Faki. Kila mlango niliousukuma nimeukuta umefungwa, na aliyeufunga ni mie.

Wanawake wenzangu, mume akikutuma kitu, mletee alichokutuma. Wivu ukikukaba mwambie usoni, mgombane, majirani wasikie, yaishe. Usimtege mtu kwa kile anachokipenda! Utamnasa kweli, na utanaswa naye humo humo, na hutakuwa na wa kumlilia.

Mzee Faki, ukisomewa haya, ujue yule kijana wako alikudanganya kunisitiri mie. Hakuchagua nyuzi zile.

Na weye, baba watoto, najua gazeti hili unalisoma lote, huna kazi nyingine. Kinywa kimenishinda, ndiyo maana nimeandika. Ukifika hapa, niko jikoni. Njoo uniulize.