Uso wa Mama Umebaki Bila Mdomo, na Ndugu Yangu Anang'ang'ania Skrini

"Tableti ya kuchorea isiyo na skrini ni ya wanafunzi na maskini. Mchoraji wa kweli anachora juu ya skrini, anaona mkono wake." Maneno haya yaliandikwa kwenye ukurasa huu wa wachoraji juma lililopita, nanyi mkayapigia makofi. Mmoja wenu akaongeza kwamba asiyeelewa hilo abaki na makaa yake. Ni uongo, na leo nitawaambia uongo huo unataka kuninyang'anya nini.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, nakaa Kisangani, na kazi yangu ni kuchora wafu. Mtu akifa bila kuacha picha, na huku kwetu mtoni ni wengi, familia inaniita matangani ili nimchore kwa maelezo yao. Nimesoma vitabu vya uchoraji kuliko wengi wanaonicheka, lakini hakuna kilichonifundisha jambo nililojifunza kwa wajane: mtu hakumbuki uso. Muulize pua ya mumewe ilikuwaje, atalia tu. Mwonyeshe pua mbaya, atakurukia: "Ah non, mama, hapana ile! Yake ilikuwa nene hapa!" Watu wanakumbuka kwa kukataa.

Ndiyo maana nilichagua tableti isiyo na skrini. Ni ubao mweusi wa plastiki tu, unaochomekwa kwenye kompyuta. Mkono wangu unachora mezani, mchoro unatokea kwenye televisheni ya sebuleni kwao, niliyoiunganisha na kompyuta, familia nzima inauona na kunisahihisha, na mimi macho yangu yako usoni kwa mjane. Akikunja uso kabla hajasema neno, najua nimekosea. Mnaniambia nitazame mkono wangu. Wa nini? Mkono wangu naujua.

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Mama yetu alikufa nikiwa mdogo, na ndugu yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Picha ya mama, moja tu, ilikuwa kwenye sanduku lililozama mtumbwi ulipopinduka mtoni karibu na Isangi. Mimi nakumbuka kitambaa chake na harufu ya samaki wa kukausha, basi. Anayeujua uso wake amebaki mmoja, mdogo wake, Mama Mudogo wetu, na huyo anapofuka. Daktari alisema si mtoto wa jicho, ni mshipa unaokufa, hakuna cha kupasua. Karatasi haioni tena. Simu haioni. Anachoona ni televisheni kubwa iliyowaka, akiisogelea hadi pua iguse kioo.

Tulianza kumchora mama hivyo, yeye amesimama mbele ya televisheni, mimi mezani nyuma yake. Alinitukana vizuri sana. "Ile paji ni ya nani? Ya papa yako? Toa!" Nikatoa. "Jicho usiweke kama mutu anaogopa, yaya yangu hakuogopaka mutu!" Nikafuta jicho la huyo yaya, dada yake mkubwa, nikarudia. Mara akaweka kiganja juu ya kioo. "Wacha hapo. Usiguse tena. Ni yeye." Macho ya mama yalikuwa yananiangalia, na mimi nilikuwa mtu mzima ninayelia kama mtoto.

Tulibakiza mdomo. Kabla hatujaufikia, mvua ilipenya bati na kuloanisha tableti, ikafa. Nimejaribu kwa kipanya cha kompyuta, mama akatoka na mdomo wa chura. Mama Mudogo alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema polepole, "Mudomo siikumbuke, mutoto yangu. Lakini nikiona ya mubaya, nitajua. Fanya mbio, macho inaenda."

Sokoni kwetu ubao ule haupatikani. Ndugu yangu yuko Kinshasa, ana uwezo, akakubali kununua. Lakini anataka ya skrini. "Yaya, juu ya mama siwezi nunua plastiki ya batoto. Fais-moi confiance, niamini tu."

Nikamweleza: kompyuta yangu kuukuu ina tundu moja tu la kutolea picha. Tableti ya skrini italichukua tundu hilo, na televisheni itabaki giza. Kigawanyio cha sokoni nimekijaribu, picha inarukaruka na kuzimika. Mama Mudogo ataona nini?

"Alors utachora wewe peke yako, vizuri, halafu utamuonyesha."

"Nitachora nini peke yangu? Simjui!"

"Na miye je? Miye sikumujuaka hata siku moja. Ndiyo maana nataka kitu ya muzuri."

Akakata simu, na tangu hapo hapokei. Siku chache baadaye nikakuta kwenye ukurasa huu maneno niliyoanza nayo, chini ya jina la kubuni. Ni yake; alivyonibishia kwenye simu ndivyo alivyoandika. Alikuja kwenu kutafuta hakimu, mkampa ushindi bila kuuliza tableti ni ya nani na inachora nini. Msafiri wetu, anayetoka Kinshasa kuja huku, anapanda ndege Alhamisi, na atabeba kile atakachopewa. Mwingine sijui atakuja lini. Jana Mama Mudogo alisimama mbele ya televisheni iliyowaka, akaniuliza kama umeme umekatika.

Kwa hiyo sisemi na ukurasa mzima. Nasema nanyi mliompigia makofi: rudini leo kwenye maneno yale, mwandike chini yake kwamba mlikosea. Mimi hanisikii, nyinyi anawasoma. Na mwenye njia ya kumfikia mtu aliyekataa simu za dada yake anifundishe, maana mimi njia zimeniishia.

Na wewe, mutoto ya mama, najua uko hapa. Kitu kizuri unachokitafuta hakiuzwi Kinshasa. Kiko ndani ya macho ya Mama Mudogo, na kinazimika. Nunua ule ubao mweusi, umpe msafiri. Kisha uje, usimame mbele ya televisheni, umwone mama yako akipata mdomo.